Tuwasikilize Wadogo Zetu

Katika ufuko wa Kibirizi, kaskazini ya mji wa Kigoma, kazi hufanywa usiku. Jua likishatua ng'ambo ya Kongo, wavuvi huingia ziwani na taa zao ili kuwavuta dagaa. Alfajiri hurejea, na kina mama huwapokea samaki na kuwaanika. Kaka aliyekesha ziwani hulala wakati mdogo wake yuko shuleni; na mdogo huyo arudipo jioni, kaka yu tayari kushuka tena ufukoni. Hivyo watoto wa tumbo moja waweza kukaa chini ya paa moja siku nyingi wasizungumze neno la maana.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu wavuvi, ambao jasho lao hulisha maelfu ya watu. Twasema kwa sababu katika nyumba nyingi za nchi yetu kaka au dada mkubwa ndiye mlezi. Yeye hununua madaftari. Yeye ndiye aitwaye na mwalimu. Mdogo wake akianza kuzama katika majonzi, yeye ndiye atakayeona kwanza, au atakayekosa kuona.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani husema kwamba kati ya kila vijana saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Kwa hesabu hiyo, darasa la wanafunzi 42 laweza kuwa na sita wa namna hiyo. Hao si watu wa kuokota makopo barabarani. Ni watoto wanaovaa sare kila asubuhi na kuitikia salamu, lakini usingizi umewatoka, chakula hakipiti, na michezo waliyoipenda hawaitaki tena. Huyu hukasirika kwa jambo dogo. Yule hujitenga na rafiki zake. Mwingine hushuka darasani ghafula, au hukimbilia pombe na bangi ili apate kuyasahau yanayomsumbua.

Nasi twawapa majina gani? Huambiwa ni wavivu, wana kiburi, au wanajidai. Wengine husemwa kuwa wamerogwa, na siku nyingi hupotea katika kumtafuta mchawi. Anayetaka kumwombea mdogo wake na amwombee, lakini sala isiwe sababu ya kuchelewa hospitali. Ama fimbo na kamba, hizo hazijapata kumponya mtu majonzi hata siku moja.

Mizigo ya vijana hawa ni ya kweli. Mwezi Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa bora katika matokeo ya Kidato cha Nne. Lakini mashindano hayo yangalipo majumbani mwetu, ambamo mtoto hupimwa kwa alama za mtoto wa jirani. Tena mtoto huona njaa inapobisha hodi. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi upande wa Tanzania, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wapate kuzaliana, wakubwa walihesabu hasara yao kwa fedha. Je, ni nani aliyemwuliza mwanafunzi wa miaka 15 alikuwa akiwaza nini alipowasikia wazee wakinong'ona usiku juu ya ada na unga?

Sisi twaona kwamba dawa ya kwanza ni kusikiliza, na dawa hii haihitaji fedha. Zipo siku za mbalamwezi, ambapo taa hazina nguvu ya kuwavuta dagaa na wavuvi wengi hupumzika nyumbani. Siku hizo zisiishie kwenye bao na vilabu peke yake. Kaka na amchukue mdogo wake, waketi kando ya mtumbwi au washone nyavu pamoja, amwulize kwa upole: "Mdogo wangu, naona siku hizi huna raha. Una nini?" Kisha anyamaze, asikie. Asikimbilie kutoa mawaidha, wala asimwambie kwamba yeye alipata shida kubwa zaidi na hakulia.

Wako watakaosema kwamba maneno matupu hayaponyi. Na watazame Zimbabwe. Huko, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mitaani kuketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, kuwasikiliza na kuwasaidia kutafuta njia ya kutatua shida moja baada ya nyingine. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wagonjwa waliosaidiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mabibi wale hawakuwa madaktari, lakini walifundishwa kazi ile, wakaifanya kwa subira.

Hata hivyo, kaka si daktari, wala asijifanye kuwa daktari. Hali hiyo ikizidi majuma mawili, mtoto apelekwe zahanati au kituo cha afya, na ikilazimu, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Akianza kusema kwamba amechoka kuishi, au akigawa vitu vyake kama mtu anayeaga, hapo hakuna kungoja. Aulizwe waziwazi kama anafikiri kujiua. Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, bali humpa nafasi ya kulitua. Asiachwe peke yake, sumu na dawa ziondolewe karibu naye, na apelekwe hospitali siku ile ile. Siri ya namna hiyo haifichwi, hata kama umeapishwa. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Serikali nayo ina sehemu yake. Tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, lakini Kanuni ya Adhabu tuliyorithi kwa Waingereza ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, na mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kama hicho chapingana na Katiba ya nchi hiyo. Jamaa anayeogopa polisi atamficha mgonjwa wake. Yafaa Bunge letu lilitazame jambo hili upya.

Walimu nao wawajue wanafunzi wao kwa hali zao, si kwa alama tu. Na majirani wasimwache kaka au dada mlezi abebe mzigo huu peke yake, kwani naye ni binadamu na huchoka. Mtoto asiyeweza kusema na wa nyumbani kwao aonyeshwe namba 116, ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hupigwa bila malipo.

Ndugu zetu wa Kibirizi wanajua kwamba mtumbwi unaopigwa na mawimbi usiku hauachwi. Mwenziwe huusogelea na taa yake. Na wafanye vivyo hivyo majumbani. Mbalamwezi ijayo, kila mkubwa na aketi na mdogo wake.