Kuugua si Utoro: Usikubali Kufutwa Kazi Ukiwa Kitandani

Ndugu yangu, dada yangu wa Kibera na Kawangware, hebu tuongee ukweli kuhusu jambo ambalo tumelizoea mpaka tunaliona la kawaida. Mtu anaangushwa na homa Jumatatu. Alhamisi amepata nafuu, anarudi kazini. Pale getini askari anamwambia: jina lako halipo, bosi ameshachukua mtu mwingine. Anageuka, anarudi nyumbani kwa miguu, na akiulizwa anasema ni mapenzi ya Mungu.

Homa ni mtihani wa Mungu, sawa. Lakini kufutwa kazi kwa sababu ya homa ni uamuzi wa binadamu, na binadamu huyo ana sheria inayomfunga.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, iko wazi. Ukishamfanyia mwajiri kazi miezi 2 mfululizo, una haki ya siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, halafu siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Mkataba wako au makubaliano ya chama cha wafanyakazi yanaweza kukupa zaidi. Kushuka chini ya hapo hakuruhusiwi. Kwa hivyo usimwombe bosi kama mtu anayeomba msaada.

Ila sheria hiyo hiyo imekuwekea mambo mawili, na hapo ndipo wengi wetu tunapoangukia.

La kwanza ni taarifa. Lazima mwajiri ajulishwe mapema iwezekanavyo kwamba hutafika na sababu ni nini. Si lazima uongee wewe mwenyewe. Kama umezidiwa, mdogo wako au jirani wa ploti anaweza kupiga simu kwa niaba yako. Lakini ujumbe ufike. Ukinyamaza siku tatu halafu utokee ukisema "nilikuwa mgonjwa", umempa bosi kisu na umemshikia shingo mwenyewe.

La pili ni karatasi. Sheria inataka cheti kilichotiwa sahihi na daktari aliyehitimu, au mtu anayesimamia zahanati au kituo cha matibabu kwa niaba yake. Sasa tuambiane: sisi tukiugua tunaenda wapi? Tunaenda kwa kemisti ya karibu. Unaeleza maumivu, unapewa vidonge kwenye bahasha ndogo, unalipa, unaenda kulala. Unapona, alhamdulillahi. Lakini kazini huna chochote cha kuonyesha. Bahasha ya kemisti si cheti.

Mimi naona hapa kuna dhulma ya kimya kimya. Mwenye kazi nzuri ana daktari wake, karatasi anaipata akiwa ameketi. Anayeishi Laini Saba au Kawangware Congo anatakiwa apange foleni asubuhi yote akiwa na homa, ndipo aaminiwe kwamba ni mgonjwa kweli. Hilo halijakaa sawa na tulipiganie libadilike. Lakini kabla halijabadilika, usiende vitani bila ngao. Nenda kituo cha afya cha umma: Kibera South, Riruta, au Mbagathi ikiwa hali ni mbaya. Usitoke pale bila karatasi yenye tarehe, muhuri, na siku ulizoandikiwa kupumzika. Ipige picha kabla hujaipeleka kazini. Karatasi hupotea ofisini, sote tunajua.

Najua kuna mtu anasema: "Hayo ni ya walioandikwa. Mimi ni kibarua tu."

Soma hapa vizuri. Kibarua kwa sheria ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na kuchukuliwa kwa muda usiozidi saa 24. Kifungu cha 37 kinasema ukifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, hauhesabiwi tena kuwa kibarua, hata kama bosi bado anakuita hivyo. Na ukipitisha miezi 2 mfululizo, unastahili haki ambazo ungepata kama ungeandikwa tangu mwanzo. Kuna vijana wanatembea kutoka Kibera kwenda Industrial Area mwaka wa tatu sasa, kampuni ile ile, mashine ile ile, na bado wanaitwa vibarua. Jina hilo linamfaa nani? Halimfai mfanyakazi.

Na mama anayefua na kupika Lavington au Kileleshwa ni mfanyakazi pia. Sheria hii inamhusu. Kufanya kazi ndani ya nyumba ya mtu hakumfanyi kuwa mali ya nyumba hiyo.

Sasa tuje kwa kufutwa. Kukosa kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa kubwa, na mwajiri anaweza kukufuta kwa hilo. Tusidanganyane. Lakini ugonjwa ulioripotiwa ni sababu halali. Tena, hata bosi akiamini umetoroka kazi, kifungu cha 41 kinamlazimu akueleze kosa lako kwa lugha unayoielewa, na akusikilize kabla ya kuamua. Una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako unayemtaka, au mwakilishi wa chama, katika kikao hicho. Askari wa geti si kikao. Kutolewa kwenye grupu ya WhatsApp si kikao.

Na bosi akisema ulitoroka, mahakama ya ajira imerudia mara nyingi kwamba ni lazima aonyeshe alifanya juhudi gani kukutafuta. Alipiga simu? Alituma ujumbe? Ugonjwa wako ukipitisha zile siku 14, mshahara unaweza kusimama, lakini kazi haijifuti yenyewe. Bado utaratibu ni ule ule.

Lakini haki ina pande mbili, na hapa nitawakera wengine. Kuna watu wananunua karatasi za hospitali huku wakiwa wazima, waende harusi au kibarua kingine. Huo ni uongo na ni kugushi. Mwajiri akikukamata, hautaponea. Mbaya zaidi, unamharibia mwenzako ambaye kesho ataugua kweli na hataaminiwa. Kazi ni amana kwako kama vile mshahara ulivyo amana kwa bosi. Kama una shida nyingine, omba ruhusa. Usiazime ugonjwa ambao huna.

Ukishafutwa bila kusikilizwa, fanya hivi:

1. Usisaini karatasi usiyoielewa. Wengi wamesaini kwamba wameacha kazi wenyewe, kisha wanalia.

2. Kusanya ushahidi: jumbe za simu, malipo ya M-Pesa, kitambulisho cha kazi, karatasi ya hospitali, majina ya wenzako walioshuhudia.

3. Nenda ofisi ya leba mapema. Malalamiko yanapelekwa kwa afisa wa leba ndani ya miezi 3 tangu ufutwe. Kesi mahakamani ina miaka 3, lakini usingoje. Ushahidi hupotea na mashahidi huhama.

4. Tafuta msaada. Kituo Cha Sheria husaidia wasiojiweza bila malipo. Wafanyakazi wa nyumbani na hoteli wana chama chao, KUDHEIHA.

Mahakama ikiona ulifutwa kwa dhulma, inaweza kuamuru ulipwe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Si kila kesi hufika hapo, lakini bosi anayejua kwamba unajua, huongea na wewe tofauti.

Neno la mwisho ni kwenu vijana wenye simu mkononi. Wewe unasoma hapa, mamako hasomi. Leo jioni muulize: ana mkataba? Akiugua, anamwambia nani? Namba ya mwajiri wake unayo wewe? Iandike kwenye simu yako. Siku atakayoshindwa kuinuka kitandani, wewe ndiye utakayetuma ujumbe ule asubuhi, na wewe ndiye utakayempeleka Riruta au Kibera South akapate karatasi. Dakika tano zako zinaweza kumwokolea kazi ya miaka kumi.