Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

 

Msimu wa kaskazi umeshika. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana hapa Dar es Salaam hufika nyuzi 32 na 33, na unyevu wa hewa ya pwani huufanya mwili uhisi zaidi ya hapo. Miaka hii Ramadhani nayo inaangukia Februari na Machi. Kwa hiyo wapo wafungaji wengi watakaojikuta katika foleni ya Barabara ya Mandela saa kumi na moja jioni, koo limekauka, watoto wanalia kiti cha nyuma, na kiyoyozi cha gari kinapuliza hewa isiyo na tofauti na ile ya nje.

Mazoea ya wengi wetu hali hiyo ikitokea ni kupeleka gari kwa fundi na kumwambia, "Nijazie gesi." Fundi hujaza, gari hupoa, fedha hulipwa. Baada ya miezi miwili au mitatu hali hurudi ile ile, na safari ya gereji huanza upya. Mazoea haya ni upotevu wa mali, na yamejengwa juu ya dhana moja isiyo sahihi: kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kwa kutumika, kama petroli.

Haiishi. Gesi hiyo huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa pande zote. Kompresa huikandamiza hadi ikapata joto kali. Kisha huingia kwenye kondensa, ule wavu wa mirija unaokaa mbele ya rejeta, na huko hulitoa joto lake nje na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho hupenyezwa katika tundu jembamba, shinikizo hushuka ghafla, nacho huchemka na kuwa baridi sana ndani ya evaporeta iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Hewa inayopulizwa juu ya evaporeta ndiyo inayotufikia usoni. Baada ya hapo gesi hurejea kwenye kompresa, ile ile, kiasi kile kile. Gari dogo hubeba gramu 400 hadi 600 hivi, na kiasi halisi kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ni kweli kwamba kidogo hupenya katika mipira ya viungio kadiri miaka inavyopita, na gari lenye umri wa miaka kumi laweza kuwa limepungukiwa. Lakini gesi iliyojazwa Novemba ikawa haipo Februari imetoka mahali, na mahali hapo panatafutika.

Isitoshe, si kila kiyoyozi dhaifu kina upungufu wa gesi. Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari ana mambo ya kuchunguza mwenyewe, tena bila gharama.

La kwanza ni kusikiliza nguvu ya upepo. Upepo ukitoka kwa unyonge hata feni ikiwekwa namba ya mwisho, tatizo huenda ni filta ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Hutolewa kwa mkono, bila hata bisibisi. Yako magari yaliyoingizwa nchini miaka mitano iliyopita ambayo filta hiyo haijaguswa tangu yaliposhuka melini. Ukiitoa utakuta vumbi, majani na nywele. Lakini upepo ukiwa na nguvu na hauna ubaridi, filta haina kosa.

La pili, na kwa maoni yetu ndilo lenye manufaa kuliko yote, ni kuangalia ubaridi unapotea wakati gani. Gari likipoa vizuri linapokwenda kasi, kisha likawa la moto mara tu linaposimama kwenye foleni, mara nyingi lawama ni ya kondensa au feni yake. Kondensa huhitaji hewa ipite ili itoe joto. Gari likienda, hewa hupita yenyewe. Likisimama, hutegemea feni ya umeme peke yake. Feni ikifa, au ikizunguka kivivu, au nafasi za kondensa zikizibwa na matope, vumbi na wadudu wa safari ya bara, joto halina pa kutokea. Fungua boneti, washa injini na kiyoyozi, uangalie kama feni inazunguka, mikono na kanga zikiwa mbali. Kondensa chafu huoshwa kwa maji ya bomba yenye nguvu ya kawaida, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Ile mashine ya maji ya presha ya vijana wa kuosha magari isisogezwe karibu, kwani huvikunja vile vipande vyembamba vya bati na kuziba kabisa njia ya hewa. Na mshale wa joto la injini ukipanda kila unapowasha kiyoyozi, hilo ni tatizo la kupoza injini. Lishughulikiwe kwanza, kabla gari halijachemsha.

Hali ya tatu ni ubaridi unaoanza vizuri, kisha upepo ukafifia baada ya nusu saa na kurudi ukizima kidogo. Hiyo ni dalili ya barafu kuganda juu ya evaporeta. Maji kudondoka chini ya gari lililoegeshwa, kwa upande mwingine, ni jambo jema. Ni unyevu ulioondolewa hewani. Maji hayo yakilowesha zulia la miguuni mwa abiria ndipo ujue kijibomba chake kimeziba.

Tusisahau pia namna ya kutumia. Gari lililokaa juani lifunguliwe milango au vioo dakika moja au mbili, hewa ya moto itoke, kisha vioo vifungwe na ibonyezwe ile alama ya mshale unaozunguka ndani ya gari. Bila alama hiyo, kiyoyozi kinahangaika kupoza hewa ya Dar es Salaam yote. Katika safari ndefu iondolewe mara kwa mara, kwani hewa ile ile ikipumuliwa na watu watano kwa muda mrefu humletea dereva usingizi.

Haya yote yakiwa sawa na ubaridi bado haupo, hapo fundi anahitajika, na hapo ndipo penye amana. Wengi wetu tunakifahamu kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula, akakuta ubichi uliofichwa chini ya sehemu kavu, na jinsi alivyomkemea muuzaji. Kujaza gesi juu ya tundu linalojulikana na kunyamaza kunafanana mno na rundo lile. Hata hivyo, si haki kuwatupia mafundi mzigo wote. Fundi anayesema, "Niachie gari nusu siku nitafute panapovuja," mara nyingi huambiwa na mteja mwenyewe kwamba hakuna muda, ajaze tu. Mteja wa namna hiyo asilalamike kwamba amedhulumiwa.

Kazi iliyo sahihi ina alama zake, na mama au baba asiyejua magari anaweza kuzitambua. Fundi huunganisha geji zenye mipira miwili, upande wa shinikizo dogo na upande wa shinikizo kubwa, na husoma vipimo injini ikiwa inafanya kazi. Injini ikiwa imezimwa geji haisemi mengi. Kwa gesi ya R-134a katika joto la nyuzi 30 itaonyesha karibu psi 95 hadi 100, mfumo uwe umejaa au una nusu, maadamu kuna kimiminika ndani. Kisha hutafuta uvujaji: mafuta yaliyoshika vumbi kwenye kiungio, povu la sabuni, au rangi maalumu inayong'aa chini ya taa yake. Baada ya kutengeneza hunyonya hewa yote kwa pampu, angalau nusu saa, kwa sababu unyevu ukibaki ndani huzaa asidi inayokula vyuma. Mwisho hujaza gesi kwa mzani kufuata kibandiko. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua badala ya kuongezeka. Ujira wa kutafuta tatizo na wa kulitengeneza upatanwe kabla kazi haijaanza, na kipuri kilichotolewa kionyeshwe.

Kuchelewa kuziba tundu kuna gharama nyingine. Oili ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi na huvuja pamoja nayo. Anayejaza gesi mara nne bila kutengeneza huishia kununua kompresa.

Tuonye mambo mawili zaidi. Wapo wanaojaza gesi rahisi zinazowaka moto, za jamii ya ile ya kupikia. Hupoza kweli, lakini evaporeta ipo ndani ya chumba walimoketi watoto, na ikivuja hujaza chumba hicho. Uliza jina la gesi, uone mtungi. La pili linawahusu wenye magari ya haibridi. Mengi yao yana kompresa inayoendeshwa kwa umeme wenye nguvu kubwa na huhitaji oili ya aina yake. Oili ya kawaida huharibu kinga ya umeme iliyomo ndani. Fundi asiyezifahamu zile nyaya za rangi ya chungwa asiachiwe kazi hiyo.

Na kwa kuwa tumesema kiyoyozi kibovu huwa dhaifu zaidi gari linaposimama, tuwakumbushe wanaomwacha mtoto amelala ndani ya gari, injini inaunguruma, kwa kuamini kwamba ubaridi utamlinda hadi warudi. Feni yaweza kukwama, kompresa kujizima, injini kuzimika, na mtoto hana wa kumwambia. Gari lililofungwa juani huweza kupanda nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Mwili wa mtoto nao hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Aamshwe, abebwe, ashuke na mzazi, hata kama ni kwa rakaa nne za Alasiri.