Hatari! na Ugonjwa wa "Lakini Imetutangaza"

Kuna sentensi moja inayoua mjadala wowote wa filamu hapa Arusha, nayo ni fupi: lakini imetutangaza. Sema filamu fulani ni ndefu bila sababu, utajibiwa imetutangaza. Sema mazungumzo yake yamekauka kama mkate wa juzi, imetutangaza. Sema watu wetu wamepangwa pembeni kama vyungu vya maua, basi hapo ndipo unakuwa adui wa maendeleo. Unawaonea wivu waongoza watalii, wenye loji, mpaka mama anayeuza shanga getini.

Nimeichoka sentensi hiyo. Na kwa kuwa filamu inayolindwa nayo kuliko zote ni Hatari!, nitaanza na hiyo hiyo.

Kwa wasioijua: iliongozwa na Howard Hawks, ikatoka mwaka 1962, na nyota wake ni John Wayne, akiwa kiongozi wa kikundi cha watu kutoka Ulaya na Marekani wanaokamata wanyama pori ili wauzwe kwenye bustani za wanyama za ng'ambo. Kampuni yao ndani ya filamu inaitwa Momella Game. Jina hilo halikuokotwa ramani ya mbali. Momella ni hapa hapa, chini ya Mlima Meru, unapotoka Usa River kupanda kuelekea Ngare Nanyuki. Hardy Krüger, Mjerumani aliyeigiza kama Kurt, aliipenda Momella hadi akanunua shamba na kuishi hapo kwa miaka. Leo kuna loji yenye jina la filamu. Kwa hiyo ndiyo, imetutangaza. Tumeshakubaliana, sasa tuendelee.

Nitoe haki yake kwanza. Matukio ya kukamata wanyama bado yanasisimua. Hakuna kompyuta pale. Gari linamkimbiza kifaru kweli, vumbi ni la kweli, na John Wayne mwenyewe yuko juu ya gari na mti wake wenye kitanzi. Mpiga picha Russell Harlan aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi ile, na alistahili. Mimi ninayeishi huku nawatazama vifaru wale kwa uchungu wa aina nyingine, maana leo zunguka Hifadhi ya Arusha kutwa nzima, humpati hata mmoja. Ukiitazama kama kumbukumbu ya wanyama na nyika, filamu ni hazina.

Halafu wanarudi nyumbani, wanavua kofia, wanaanza kuongea. Mungu wangu! Dakika 157 zile, karibu nusu ni watu wazima wanaotaniana sebuleni, wanakunywa, wanapiga piano, wanagombania wasichana wawili, na mcheshi wao anarusha fataki ili anase nyani juu ya mti. Niliitazama tena juzi na vijana wa mtaani kwetu. Kila kifaru kilipotokea, kimya. Kila sebule ilipotokea, simu zikatoka mifukoni. Huo nao ni uhakiki, tena wa uaminifu kuliko mwingi ulioandikwa.

Wahakiki wa ng'ambo waligawanyika. Lalamiko lililorudiwa zaidi ni kwamba filamu haina kisa: wanakamata mnyama, wanapumzika, wanakamata mwingine, mwisho ndoa. Upande wa pili walisimama watetezi wa Hawks, hasa Wafaransa. Jarida la Cahiers du cinéma lilikuwa limemtawaza zamani. Jacques Rivette aliandika makala ya kumwita mtu mwenye kipaji cha pekee tangu 1953. Hao walisema kukosa kisa ndiyo raha yenyewe: kutazama watu hodari wakifanya kazi yao, basi.

Ugomvi wangu ni na pande zote mbili, maana wamekaa benchi moja. Huyu anasema kisa hakuna, huyu anasema kisa hakihitajiki. Hakuna aliyegeuza shingo. Kisa kilikuwepo ng'ambo ya uzio.

Mwezi Novemba 1951, serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki, jirani kabisa na Momella. Nyumba zilichomwa moto, mifugo ikaswagwa, watu wakaambiwa wahamie Kingori. Sababu? Ardhi ilitakiwa kwa ranchi za masetla, ili maeneo ya wazungu yakae pamoja yasiingiliwe. Wameru hawakunyamaza. Walichanga pesa, wakamtuma Kirilo Japhet, mtoto wao, hadi New York. Mwaka 1952 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kueleza jinsi watu wake walivyotolewa majumbani. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo kulikuwa na mlango wa kubisha, naye aliubisha. Umoja wa Mataifa haukuwarudishia ardhi, lakini safari ile ilizungumzwa nchi nzima, miaka miwili kabla TANU haijazaliwa.

Sasa hesabu nami. Hawks na watu wake walipiga picha mwishoni mwa 1960 na mwanzoni mwa 1961. Ni miaka tisa tu baada ya moto. Waliochomewa nyumba walikuwa hai, wengi bado vijana. Mtu mzima aliyesimama kando ya njia gari la John Wayne likipita huenda alikuwa na hadithi kifuani ambayo mwandishi yeyote wa Hollywood angeuza gari lake aipate. Na ilikuwa nchi inayojiandaa kwa Uhuru! Septemba 1961, hapa hapa Arusha, Nyerere alitoa tamko lake juu ya wanyama pori, kwamba ni dhamana yetu na tutawalinda. Desemba tukawa huru. Filamu ikatoka mwaka uliofuata ikiwa na nchi ambayo haijasikia lolote kati ya hayo. Ndani yake, mkubwa wa ardhi ni yule mwenye gari na kitanzi, na mwenyeji ni mtu wa kufungua geti la zizi. Nimemtafuta humo Mwafrika mmoja anayeamua jambo linalobadilisha mkondo wa mambo. Sikumwona.

Mtaniambia, bwana, hiyo ilikuwa filamu ya burudani, unataka wamlete Kirilo Japhet katikati ya vichekesho? La. Nataka mhakiki anayeandika "haina kisa" ajue anasema hivyo juu ya mahali gani. Jangwa la kisa halikuwa Momella, lilikuwa sebule ya Momella Game.

Mahali ambapo filamu inajaribu kuwagusa wenyeji ndipo inajikwaa vibaya zaidi. Dallas, mpiga picha Mtaliano, analea ndama watatu wa tembo. Waarusha, ambao filamu inawaita Warusha, wanafurahi, wanamfanyia sherehe, wanampaka rangi na kumpa jina: Mama Tembo. Kwanza, Waarusha ni watu wa lugha ya Kimaa. Wazee wa kimila wanampa mgeni jina la heshima, na hawana hata neno moja la kwao la kumpa? Pili, yeyote aliyekulia pwani anajua tembo ni pombe ya mnazi. Mpeleke Mama Tembo huyu Tanga au Unguja, watu watamuuliza anauza kwa glasi au kwa chupa. Sijui kama pale penye kamera alikuwepo mwenyeji aliyeweza kusema "jamani, ngojeni kidogo". Kama alikuwepo, hakuulizwa, au aliulizwa akajibu kwa adabu.

Jambo kama hili mhakiki wa New York hawezi kuliona, na simlaumu. Hata mwaka 2019, Disney walipoitoa upya The Lion King kwa picha za kompyuta, wahakiki wengi waliiponda kwamba nyuso za simba hazioneshi hisia, eti ni kama kutazama filamu ya wanyama ya televisheni iliyowekewa sauti za watu. Kweli kabisa. Lakini kwamba maneno yetu, Simba, Rafiki, Pumbaa, yanatumika humo kama viungo vya kunukisha mchuzi, na kwamba kampuni hiyo hiyo iliandikisha "Hakuna Matata" Marekani kama alama yake ya biashara, hayo yalibaki kuwa habari za pembeni na si sehemu ya kuipima filamu. Kipimo chao kilikuwa filamu ya 1994. Chetu kingekuwa sisi wenyewe, kama tungekuwa nacho.

Wapenzi wa fasihi mnajua nguvu ya uhakiki mkali unaotoka upande huu. Chinua Achebe mwaka 1975 alisimama kwenye chuo kikuu Massachusetts akamsoma Joseph Conrad mbele ya waliomwabudu. Hakusema kitabu kimekosa kisa wala kwamba sentensi ni ndefu. Aliuliza Waafrika wamo humo kama nani. Tangu siku hiyo hakuna anayefundisha Heart of Darkness bila kulijibu swali lile, hata anayempinga Achebe. Hebu niambie, nani ameifanyia Hatari! hivyo kwa Kiswahili? Tumeitungia vipeperushi vya utalii.

Na ugonjwa huu hatuuguzi kwa filamu za kigeni peke yake. Filamu zetu wenyewe tumezilea hivyo hivyo. Miaka ile ya Bongo Movie ya DVD, hadithi ya saa moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili tununue mara mbili. Mtu anapiga honi getini, mlinzi anafungua, gari linaingia, anashuka, anafunga mlango, anapanda ngazi, yote tunaoneshwa. Aliyelalamika aliitwa mwenye wivu. Aliambiwa "tengeneza yako tuione". Mla ugali haulizwi kama anajua kusonga! Alipofariki Kanumba, Aprili 2012, maelfu walijaa barabarani Dar es Salaam, na walikuwa na haki ya kumlilia. Lakini tafuta uhakiki wa kina ulioandikwa akiwa hai, wa kumwambia hapa umeweza, hapa umetupunja. Utapata picha za magazeti ya udaku. Mtu aliyefanya kazi kiasi kile alistahili wasomaji wakali, siyo mashabiki na mahasidi tu.

Waliotufanyia uhakiki wa kweli ni watafsiri wa vibanda umiza. Yule jamaa mwenye maiki, filamu ya Kichina inaendelea, yeye anaieleza kwa Kiswahili, na shujaa akifanya ujinga anamsema palepale, ukumbi unacheka. Mtaalamu kama Lufufu wa Dar alijua kwamba mtazamaji ameweka pesa yake mlangoni na hana deni la shukrani kwa mtu yeyote. Adabu ile ya kibanda hatujaihamishia kwenye maandishi. Tukishika kalamu tunakuwa wapole ghafla, kama tumeitwa ofisini kwa mkuu wa wilaya.

Kuhusu "tengeneza yako": kisa kipo. Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton walikiandika, The Meru Land Case, kikachapishwa Nairobi mwaka 1967. Moto upo, New York ipo, mlima upo nyuma bila kulipiwa. Sijaona filamu yake kubwa. Atakayeitengeneza nitakata tiketi siku ya kwanza na nitakaa kiti cha mbele. Na akituwekea dakika arobaini za watu kupiga soga sebuleni, nitaandika hivyo hivyo, hata kama imetutangaza.