Fidia kwa Wafanyakazi: Siku Saba Zenye Uzito kwa Mwajiri na Majeruhi

Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo mkoani Iringa, ni mahali ambapo malori yaelekeayo Mbeya hupumzika kabla ya kuukabili mlima Kitonga, na ambapo vitunguu vya mashamba ya umwagiliaji hupakiwa kwenda sokoni. Dereva, utingo na kibarua wa shambani wote hufanya kazi zenye hatari za wazi. Anapoumia kazini, nani hubeba gharama?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyojibu swali hilo, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ukaanza kazi Julai 2015. Sheria ya zamani ilikuwa imeweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, kiasi ambacho kwa hakika hakikuwa fidia bali pole.

Hivi sasa mwajiri wa Tanzania Bara, wa umma au binafsi, huchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi chochote. Kwa utingo anayelipwa shilingi 400,000, mchango wa mwezi ni shilingi 2,000. Akivunjika mguu kazini, Mfuko hugharamia matibabu na kumlipa asilimia 70 ya kipato chake, yaani shilingi 280,000 kwa mwezi, hadi miezi 24. Ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipiwa pensheni ya kila mwezi. Usiozidi hapo hulipwa kwa mkupuo. Akifariki, wategemezi wake hulipwa.

Ugumu hauko kwenye viwango, uko kwenye kumbukumbu. Mwajiri anapaswa kutoa taarifa ndani ya siku 7 tangu alipoijua ajali, na haki ya majeruhi inaweza kupotea madai yasipofikishwa ndani ya miezi 12. Kibarua aliyeajiriwa kwa mdomo, asiyemo kwenye orodha ya malipo, atathibitishaje kwamba alikuwa kazini siku hiyo? Vilevile, mwajiri anayeandikisha mshahara pungufu huokoa shilingi mia chache, lakini humpunguzia majeruhi fidia, kwa kuwa hesabu hufuata kipato.

Mkulima anayelima kitunguu chake kwa mikono yake hana mwajiri, hivyo yuko nje ya utaratibu huu. Akiajiri vibarua, yeye ndiye mwajiri, na wajibu wa kujisajili na kuchangia ni wake.