Programu huria: Hatari ya kutegemea mfadhili mmoja

Waundaji wa programu huria huhitaji kompyuta za aina mbalimbali ili wazifanyie majaribio kazi zao. Wengi hawawezi kuzinunua, hivyo hutegemea wafadhili.

Hata hivyo, hisani hiyo haina hakikisho. SourceForge ilifunga mitambo yake ya majaribio mwaka wa 2007. Mwishoni mwa 2020, Travis CI ilipunguza huduma za bure. Mwaka wa 2025, maabara ya Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, ilitangaza upungufu wa dola 250,000.

Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hitilafu isiyogunduliwa mapema humfikia mtumiaji. Ni sharti miradi itafute wafadhili kadhaa, nazo kampuni zinazofaidi programu hizo zigharamie majaribio.