Sindano ya penisilini isikosekane zahanati

Mhariri,

Tunaisifu, na ni haki, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kwa upasuaji wa watoto. Lakini homa ya baridi yabisi, inayoharibu vali za moyo, huanzia kwenye maambukizi ya koo ambayo penisilini huyatibu. Mtoto aliyekwisha kuugua huhitaji sindano ya penisilini aina ya benzathini kila wiki 3 au 4 kwa miaka mingi, hata baada ya kupasuliwa. Wapo wahudumu wanaoihofia kwa sababu ya mzio. Hofu hiyo ina msingi, ila mzio mkali ni nadra, na mhudumu mwenye adrenalini karibu anaweza kuudhibiti. Kumnyima sindano hiyo zahanati na kumtuma mtoto wa kijijini hospitali ya mkoa kila mwezi (nauli nani atalipa?) ni kumwachisha dawa. Wizara ya Afya ihakikishe kila zahanati ina dawa zote mbili.

Msomaji wenu,
Morogoro