Ushahidi wa Simu Ubaoni

Haitoshi kumfundisha mwalimu kuwasha kompyuta. Ndugu mwanachuo utakayepangiwa Mbagala, huenda ukaletewa simu yenye vitisho alivyotumiwa mtoto. Usivifute, wala usivisambaze kwa walimu wenzako. Andika saa, namba iliyotuma na kila aliyeishika simu. Kisha uikabidhi kwa Mkuu wa Shule kwa sahihi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, yataka uzito wa ushahidi upimwe pia kwa jinsi ulivyohifadhiwa.

Twaona somo hili lawezekana kwa chaki tu. Kila herufi ipewe namba, wanafunzi wajumlishe sentensi, kisha herufi moja ibadilishwe kwa siri: jumla itafichua. (Herufi zikibadilishana nafasi, jumla haitatambua, hesabu ya kompyuta, kama SHA-256, hunasa hata hilo.)